Ndege Mbili za Januari 1954

Ijumaa tarehe 22 Januari 1954, ndege ndogo aina ya Cessna 180 ilipaa kutoka Costermansville, mji ambao leo ni Bukavu, ikashika njia ya kaskazini juu ya Ziwa Kivu. Ilikuwa na injini moja na viti vinne, na ndani yake walikaa watu watatu. Rubani aliitwa Roy Marsh, mtu wa Nairobi. Abiria wake walikuwa mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe, Mary. Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya Krismasi ya mume kwa mke, iliyochelewa kidogo: aione Afrika ya kati kutoka angani, maziwa yake, volkano zake na Kongo ya Wabelgiji.

Siku iliyotangulia walikuwa wametoka Nairobi, wakapita juu ya Ngorongoro na Serengeti, wakajaza mafuta Mwanza, kisha wakavuka Ruanda-Urundi na kulala kwenye ncha ya kusini ya Kivu. Sasa ziwa lote lilikuwa mbele yao. Anayesafiri njia ile huwa na nchi ya Masisi upande wake wa kushoto, milima inayoshuka hadi majini: Bweremana, Kirotshe, halafu Sake. Mbele husimama Nyamulagira na Nyiragongo. Wakati ule palikuwa na jambo jipya la kutazama. Moto uliomwagika kutoka Nyamulagira mwaka 1938 ulikuwa umefika ziwani karibu na Sake, ukapoa na kuwa jiwe jeusi, na ghuba ya Kabuno, iliyo jirani na Kirotshe, ikabaki imeungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba tu. Kutoka juu, alama ile nyeusi haikuhitaji kuelezwa na mtu.

Mkulima wa Kirotshe aliyekuwa shambani asubuhi ile, kama angeinua macho kufuata mngurumo, angeona ndege kama nyingine. Wazungu wa mashamba ya kahawa na pareto walikuwa wamekwisha kuwazoesha watu wa Kivu vyombo vya namna hiyo. Hakuna ambaye angejua kwamba kesho yake jioni ndege hiyohiyo ingekuwa imelala vichakani huko Uganda, na kwamba keshokutwa magazeti ya dunia yangekuwa yakiwalilia abiria wake.

Rubani wa injini moja ana mazoea ambayo abiria hayaoni. Abiria anatazama mandhari. Yeye anatafuta pa kutua. Kila baada ya dakika chache anajiuliza: injini ikizima sasa hivi, naiweka wapi? Juu ya Ziwa Kivu jibu lipo, ingawa halipendezi: ukingo wa maji, shamba la bondeni, au uwanja wa Goma ukiwa karibu. Ukigeuza pua magharibi, jibu linakuwa gumu. Kutoka Sake ardhi inapanda hadi zaidi ya mita 2,000, malisho ya Masisi yamekaa mteremkoni, na ng'ombe husimama mguu mmoja juu na mwingine chini. Ukiivuka milima hiyo unaingia Walikale, na hapo ni msitu na msitu tena, miti imeshikana vichwa, hakuna mwanya wa kuweka hata meza.

Ndiyo maana miaka ya 2000, wakati wapagazi walipokuwa wakitoa kasiteriti, mawe ya bati, ya mgodi wa Bisie huko Walikale msituni kwa magunia ya kilo 50 mgongoni, marubani waliokuja kuichukua walitua mahali paitwapo Kilambo, juu ya barabara ya lami. Waenda kwa miguu na pikipiki walisukumwa kando, ndege ikashuka, ikapakiwa, ikageuka na kupaa kuelekea Goma. Wageni waliona ni ujambazi wa angani. Kwa rubani ilikuwa hesabu rahisi: lami ile ilikuwa ardhi ndefu, ngumu na iliyo wazi, katika nchi ambayo vitu hivyo vitatu havikutani mara nyingi.

Inafaa kueleza kinachotokea injini inapozima, kwa kuwa wengi hudhani ndege hudondoka kama embe. Haidondoki. Mabawa yanaendelea kuibeba maadamu ina mwendo, na mwendo huo rubani anaununua kwa urefu: anashusha pua kidogo, ndege inateleza mbele huku ikishuka taratibu. Ndege ndogo ya aina ya Cessna ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi inaweza kuteleza kilomita 8 au 9 kabla ya kugusa chini. Katika kilomita hizo mna nafasi ya kujaribu kuwasha tena, kuita redioni, kuchagua mahali na kuwaambia abiria wajifunge mikanda. Kwa hiyo urefu ni akiba. Aliye chini hana akiba, hata awe hodari namna gani.

Kivu, isitoshe, inapunguza akiba hiyo kabla hujaanza kuitumia. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe bila msaada wa kusukumiwa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila inapopanda mita 300. Cessna 180 ilifaa nchi za namna hiyo. Ilikuwa ndege mpya, imeingia sokoni mwaka 1953, na injini yake ya Continental ilikuwa na nguvu ya farasi 225. Marsh hakuwa amekodisha kopo bovu.

Afrika Mashariki ilikuwa tayari na historia ndefu ya injini kuzima. Mwaka 1931 rubani Mjerumani Ernst Udet, shujaa wa vita vya kwanza vya dunia, alikwama na fundi wake kwenye mabwawa ya Nile huko Sudan. Aliyewatafuta mpaka akawapata ni Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways ya Nairobi. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson, na uwanja wa Wilson wa Nairobi unabeba jina lake hadi leo. Kisha yupo Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kujifunza kurusha ndege mikononi mwa huyohuyo Campbell Black. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Saa ya 21 ilikuwa imekwisha kupita pale injini iliponyimwa mafuta, kwa kuwa barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi. Aliteleza hadi ufukwe wa Cape Breton, Kanada, akaona uwanja wa kijani uliofanana na malisho, akatua. Ulikuwa kinamasi. Pua ikazama, mkia ukainuka, na yeye akatoka na jeraha la kichwa. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, isipokuwa kwamba ardhi humdanganya anayeitazama kutoka juu.

Turudi kwa Marsh. Kutoka Kivu walipita Ziwa Edward na Ziwa George, wakalala Entebbe. Jumamosi tarehe 23 wakaelekea Ziwa Albert, wakaufuata mto Nile kupanda hadi maporomoko ya Murchison. Hapo mto mzima unabanwa kwenye mwanya wa mawe wenye upana wa mita 7 hivi, kisha unaporomoka mita 43. Mary alikuwa na kamera. Marsh akazunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, akazunguka ya tatu ili mama apate picha nzuri.

Katika mzunguko huo wa tatu kundi la kwarara liliinuka mbele ya kioo. Ndege mkubwa akipiga kioo kwa mwendo ule, rubani anaweza kupofuka au kufa, kwa hiyo Marsh alishusha pua apite chini yao. Akawapita. Lakini kuvuka bonde lile palikuwa na waya wa zamani wa telegrafu, umeachwa, hautumiki tena. Waya ukaikwaruza propela na kuujeruhi mkia.

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Injini yenyewe haikuwa na kosa. Kilichoharibika ni kile ambacho injini inakizungusha na kile ambacho rubani anakitumia kuelekeza, na kwa mtu aliyeko angani matokeo ni yaleyale: hana nguvu ya kuendelea. Zile kilomita 8 au 9 nilizozitaja hazikuwapo, kwa sababu urefu ulikuwa umetumika kununua picha. Kwa maoni yangu ajali ilianza hapo, mzunguko mmoja au miwili kabla ya waya. Kwarara hawana lawama, na waya haukuhama mahali pake.

Kilichofuata ni ufundi. Marsh aliivuta ndege ile iliyojeruhiwa itoke kwenye bonde la mawe, akatafuta pa kuiweka. Kwa masimulizi ya Hemingway, machaguo yalikuwa mawili: kipande cha mchanga kando ya mto ambako mamba walikuwa wameota jua, au njia ya tembo kwenye vichaka. Marsh akachagua tembo. Ndege ilishuka katika miti mifupi, kilomita 5 hivi kutoka kwenye maporomoko, ikavunjika vunjika lakini haikushika moto. Mary alivunjika mbavu mbili na kwa muda hakuweza kusema neno, Hemingway aliteguka bega, rubani hakuumia. Watu watatu walishuka kwa miguu yao kutoka kwenye ndege iliyokatwa na waya katika bonde la Nile. Nimesoma habari nyingi za kutua kwa dharura, na sioni nyingi zilizofanywa vizuri kuliko hii.

Marsh alijaribu redio. Aliita, akaita tena, hakujibiwa. Wakapanda kilimani, wakawasha moto, wakagawana kile kidogo walichokuwa nacho cha kula na kunywa, wakalala chini ya nyota za Bunyoro. Tembo walikuwa karibu. Baadaye Hemingway aliandika kwa mzaha kwamba mkoromo wa mkewe ndio uliowavuta. Mary, aliyekuwa akipumua kwa mbavu zilizovunjika, bila shaka alikuwa na maelezo yake.

Wakati huohuo ndege ya abiria ya shirika la BOAC ilipita juu ya mahali pale, ikaona mabaki, haikuona mtu. Rubani wake akatoa taarifa: ndege imeanguka, hakuna dalili ya waliopona. Neno hilo, hakuna dalili, lilisafiri kutoka Entebbe hadi London na New York, na kadiri lilivyosafiri lilipoteza uangalifu wake. Lilipofika kwenye meza za wahariri lilikuwa limekwisha kuwa kifo. Magazeti yakachapa tanzia: mwandishi mkubwa amekufa Afrika, karibu na chanzo cha Nile. Habari ilifanana mno na vitabu vyake, na sidhani kama kuna mhariri aliyepata nguvu ya kuitilia shaka.

Asubuhi ya Jumapili walio kilimani waliona meli ndogo nyeupe ikipanda mto. Ilikuwa imekodiwa na daktari mpasuaji wa Kampala, Ian McAdam wa hospitali ya Mulago, aliyekuwa katika matembezi na familia yake. Meli hiyo, iliyoitwa Murchison, ilikuwa imewahi kuhudumu wakati filamu ya The African Queen ilipopigwa katika maji yale. Walipoifikia, nahodha alitaka nauli kwanza. Hemingway alilalamika, akalipa. Mimi simlaumu nahodha: meli ilikuwa imekodiwa na mtu mwingine, na kuanguka kutoka angani si tiketi. Daktari McAdam aliwatazama majeraha, na meli ikawateremsha hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert.

Butiaba ilikuwa bandari ya kweli siku hizo. Wasafiri waliotoka Kongo kupitia Kasenyi walishukia hapo, kisha barabara ikawapandisha ukuta wa bonde hadi Masindi. Akina Hemingway walipofika jioni, waliwakuta afisa wa polisi na rubani mwingine, Reginald Cartwright, aliyekuwa ameshinda angani akiwatafuta. Cartwright alikuwa na de Havilland Rapide, ndege ya mabawa mawili mawili, injini mbili, mbao zilizovikwa kitambaa. Alisema yuko tayari kuwapeleka Entebbe usiku uleule.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya ajali ya kwanza na ya pili. Katika ile ya kwanza rubani alilazimika kutua. Katika hii hakuna aliyelazimika kupaa. Barabara ya Masindi ilikuwapo na gari la polisi lilikuwapo. Mama aliyevunjika mbavu angeweza kulazwa kitandani. Lakini watu waliokwisha kuambiwa kwamba wamekufa wana haraka ya kuonekana wako hai, na watafutaji waliopata walichokitafuta wana haraka ya kukipeleka. Giza lilikuwa linaingia. Kiwanja cha Butiaba, kwa waliokiona, kilifanana na shamba lililotoka kulimwa.

Wakapanda. Rapide ikakimbia ikirukaruka juu ya matuta, ikainuka, ikaanguka, ikainuka tena, ikaanguka kwa mara ya mwisho na kuwaka. Mbao, kitambaa na petroli havihitaji muda. Mlango ulikuwa umepindika na hautaki kufunguka. Marsh, ambaye hata siku mbili hazijapita tangu aangushe ndege yake mwenyewe, alipiga dirisha kwa teke, akamtoa Mary kupitia hapo. Hemingway alikuwa na mwili usiopita dirishani. Akaugonga mlango kwa bega lililokwisha kuteguka na kwa kichwa, akaugonga tena mpaka ukaachia. Wote wanne walitoka. Pasipoti, filamu za picha na miwani ya mwandishi viliteketea. Kwa hiyo hata zile picha za maporomoko, zilizogharimu ndege nzima, zikaishia kwenye moto wa Butiaba.

Usiku ule walipelekwa Masindi kwa gari, safari ileile ambayo wangeweza kuifanya saa moja kabla. Kesho yake wakateremka Entebbe, pia kwa gari. Waandishi wa habari walipomwona Hemingway, baadhi waliandika kwamba ametoka msituni na mkungu wa ndizi na chupa ya jini, na dunia ikacheka kwa furaha. Madaktari hawakuwa na la kuwachekesha. Ini, wengu na figo vilikuwa vimeumia; pingili ya uti wa mgongo ilikuwa imebanwa; alikuwa na mtikisiko mkubwa wa ubongo, sikio la kushoto halisikii vizuri, na macho yalikuwa yakimpotea kwa muda. Mkono na bega vilikuwa vimeteguka, na kichwani na usoni alikuwa na majeraha ya moto. Sehemu kubwa ya majeraha haya ilitoka Butiaba, katika safari isiyo ya lazima.

Mwanawe Patrick, aliyekuwa akiishi Tanganyika, alikodi ndege akaja Entebbe. Kisha Nairobi, kitandani, Hemingway alisoma tanzia zake moja baada ya nyingine, kwa raha ya wazi. Masimulizi yake ya safari ile yalitoka katika jarida la Look mwezi Aprili na Mei mwaka uleule. Yamejaa mzaha, na mzaha huo umewafanya wasomaji wengi wadhani kwamba hakuumia sana.

Februari alienda Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kuvua samaki. Moto wa vichaka ukazuka, akataka kusaidia kuuzima, akaangukia ndani yake akaungua tena. Machi akapanda meli Mombasa kurudi Ulaya. Oktoba Sweden ikatangaza kwamba amepata tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakwenda Stockholm, afya haikumruhusu, na hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani, John Cabot. Maumivu ya mwaka ule hayakumwacha tena, na wanaoandika maisha yake huhesabu Januari 1954 kuwa mwanzo wa kushuka kwake.

Kwa sababu hiyo historia imemwachia Hemingway kisa chote, na Roy Marsh amebaki jina kwenye mstari mmoja: rubani aligonga waya. Ni kweli aligonga. Ni kweli pia kwamba alishuka chini kuliko ilivyofaa ili kumridhisha mteja, na kosa hilo ni lake, kwa kuwa mteja hana usukani. Lakini ukiyaweka mengine kwenye mizani, uamuzi wa dakika ile bondeni na teke la dirishani Butiaba, unaona mtu aliyefanya kazi yake mara mbili ndani ya siku mbili huku wengine wakisubiri kuokolewa.

Hemingway mwenyewe alimhukumu bila kuandika neno. Ilipofika siku ya kutoka Entebbe kurudi Nairobi, na mwili wake wote ukiwa na sababu ya kuchukia kitu chochote chenye mabawa, alipanda tena ndege ndogo. Rubani alikuwa Roy Marsh.